Wimbo Unaosafiri

Mwombe mtoto aliyefundishwa mikoa ya Tanzania kwa wimbo akutajie mikoa hiyo. Atasimama wima, atashika mdundo kwa mguu, na majina yatamtoka moja baada ya jingine, yote 31, kuanzia Arusha. Kisha mpe ramani isiyoandikwa kitu, umwambie aweke kidole Tabora. Mara nyingi kidole hubaki hewani. Muulize Tabora imepakana na mkoa gani, utaiona midomo ikicheza: ameanza wimbo upya kimoyomoyo, anaitafuta Tabora humo ndani, na akiifikia atakupa jina linalofuata. Atasema Tanga. Katika wimbo uliopangwa kwa alfabeti Tanga imekaa ubavuni mwa Tabora, na sikio lake limeamini hivyo. Tanga yenyewe iko pwani, inatazama Bahari ya Hindi. Tabora iko bara, magharibi ya katikati ya nchi, na majirani zake wa kweli ni Singida, Kigoma, Shinyanga na wengine ambao wimbo umewatawanya mbali.

Silaumu wimbo. Kwa mwalimu wa watoto wadogo sijui chombo chenye nguvu kuuzidi. Ninachosema ni kwamba ardhi ina urefu na upana, na wimbo una njia moja tu, kutoka neno la kwanza hadi la mwisho. Anayetaka kuifundisha ardhi kwa wimbo hana budi kuchagua njia ya kupita juu yake. Akichagua njia ambayo mtu anaweza kuipita kweli, kwa miguu, kwa treni, kwa jahazi au kwa mabawa, mtoto anapata jiografia. Akichagua alfabeti, au akaviachia vina vimwongoze, mtoto anapata majina.

Nguvu yenyewe haina ubishi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 David McCall, mkuu wa kampuni ya matangazo ya biashara jijini New York, aligundua kwamba mwanawe hashiki jedwali la kuzidisha hata kidogo, lakini maneno ya nyimbo za roki anayajua kwa moyo. Akaagiza jedwali litungiwe nyimbo. Kazi hiyo alipewa mwanamuziki wa jazi Bob Dorough, wachoraji wakaongeza picha, na Januari 1973 televisheni ya ABC ikaanza kurusha Schoolhouse Rock!, katuni fupi za dakika tatu hivi zilizochomekwa katikati ya vipindi vya watoto vya Jumamosi asubuhi. Wamarekani waliozitazama wakiwa wadogo leo wana wajukuu, na bado wanaziimba.

Mfano mashuhuri wa wimbo wa majina ulikuja miaka 20 baadaye. Ni "Yakko's World", wa mwaka 1993, kutoka katuni ya Animaniacs. Mtunzi wa maneno ni Randy Rogel, mwimbaji ni Rob Paulsen, na mahadhi ni ya ngoma ya Mexico iitwayo Jarabe Tapatío. Yakko anasimama mbele ya ramani ya dunia, fimbo mkononi, na kwa muda usiofika dakika mbili anataja nchi kwa kasi ya kukata pumzi. Ni kazi ya ustadi mkubwa, na nimewaona watu wazima wakishindana kuimba wimbo huo bila kuvuta hewa. Tena Rogel hakufuata alfabeti. Anakwenda sehemu kwa sehemu ya dunia, na hilo linamsaidia sana mtazamaji. Lakini akifika Afrika vina vinashika usukani. Fimbo inatoka Zimbabwe, inaruka hadi Djibouti, inarudi Botswana. Jicho la mtoto haliwezi kufuata, linaachia sikio lifanye kazi peke yake.

Sikio likiachwa peke yake halina namna ya kukagua. Katika wimbo huo Benin inatajwa, na Dahomey nayo inatajwa, ilhali ni nchi moja iliyobadili jina mwaka 1975. Czechoslovakia imo, nayo ilikuwa imekwisha kugawanyika tarehe 1 Januari ya mwaka uleule wimbo uliotoka. Linaloniuma zaidi ni hili: Lesotho imo, Afrika Kusini haimo. Mtu yeyote anayeitazama ramani anajua kwamba Lesotho imezungukwa na Afrika Kusini pande zote. Wimbo ungekuwa unatembea, usingeweza kufika Lesotho bila kupita Afrika Kusini, na kosa lingejitokeza lenyewe tangu kwenye meza ya mtunzi.

Kuchakaa kwa wimbo ni jambo la kawaida, na kwetu pia lipo. Aliyeimbishwa mikoa mwaka 2005 aliimba 26. Mwaka 2012 zikaongezeka Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, na mwaka 2016 ikaja Songwe. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, zilizoanza upya zikiwa tatu, zilifika tano mwaka 2007 Rwanda na Burundi zilipoingia, na leo ni nane baada ya Sudan Kusini, Kongo na Somalia. Katika orodha, jina jipya ni mzigo tu: limechomekwa mahali, mdundo umevurugika, basi. Katika wimbo wa safari jina jipya lina habari ndani yake. Msafiri anayetoka Mbeya kwenda Tunduma, mpakani na Zambia, zamani alikuwa Mbeya mpaka mwisho wa njia. Sasa anaingia Songwe kabla ya kufika, na mtoto anayeimba njia hiyo ameelewa bila kuambiwa kwamba Songwe ilikatwa kutoka Mbeya.

Kenya wamebahatika kupata wimbo wa safari ambao hakuna aliyekusudia kuutunga. Katiba ya mwaka 2010 iliweka kaunti 47, na kila moja ina namba. Mombasa ni 001. Zinafuata Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta, na pwani imekwisha. Garissa ni 007, kisha Wajir, kisha Mandera, na mtoto amefika kwenye kona ya Somalia na Ethiopia. Anageuka magharibi hadi Marsabit, anashuka Isiolo na Meru, anaupita Mlima Kenya kwa upande wa mashariki kupitia Tharaka-Nithi na Embu, anateremka Kitui, Machakos na Makueni. Walimu wanaoimbisha kaunti kwa namba, badala ya alfabeti, wanawatembeza watoto nchi nzima. Namba hizo zilifuata mikoa minane ya zamani, ndiyo maana njia ina mantiki. Ina pia miruko yake. Kaunti ya 022 ni Kiambu, mlangoni mwa Nairobi; ya 023 ni Turkana, kaskazini kabisa. Mwalimu mzuri husimamisha wimbo hapo, akawauliza watoto wamepita wapi kufika huko. Swali hilo moja lina thamani ya kipindi kizima.

Walioukusudia wimbo wa namna hii, wakautunga kwa bidii ya ajabu, ni Wajapani. Mwaka 1900, miaka 11 tu baada ya reli ya Tōkaidō kukamilika hadi Kobe, mshairi Ōwada Takeki alichapisha Tetsudō Shōka, wimbo wa reli uliotangazwa waziwazi kuwa ni wa kufundishia jiografia. Sehemu ya kwanza ina beti 66. Treni inaondoka stesheni ya Shimbashi jijini Tokyo, na kila ubeti unasogea mbele kidogo: mji, mto, daraja, mlima unaoonekana dirishani, vita vilivyopiganwa pale. Katika ubeti wa pili tu, treni haijauacha mji, tayari msafiri anakumbushwa hekalu la Sengakuji walikozikwa samurai 47 ambao kisa chao kila mtoto wa Kijapani anakijua. Zilifuata sehemu nyingine nne kwa reli nyingine.

Fikiria mtoto wa kijijini ambaye hajawahi kupanda treni, anaimba ubeti wa Mlima Fuji kabla ya ubeti wa Nagoya, na Nagoya kabla ya Kyoto. Hawezi kuchanganya mpangilio, kwa sababu mpangilio ndio safari yenyewe. Akikua akapanda treni hiyo, atakuta nje ya dirisha mambo yanayofuatana kama alivyoyaimba. Sijaona kitabu cha kiada chenye uwezo huo.

Na safari kama hiyo inaweza kuimbwa bila neno moja la kitaalamu. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe na nguo kati ya Bagamoyo na Ujiji katika karne ya 19 walitembea wakiimba, na wageni waliosafiri nao waliandika kuhusu nyimbo hizo. Wenyeji wa asili wa Australia wana nyimbo zinazofuata njia ndefu za nchi yao, kisima kwa kisima na mwamba kwa mwamba, na anayeujua wimbo anaijua njia. Shule ilipokuja na ubao na chaki haikuvumbua jambo hili.

Katuni ina lake ambalo wimbo hauwezi. Inaweza kumnyanyua mtoto.

Tatizo la kwanza la ramani kwa mtoto wa miaka sita au saba ni kwamba inaitazama dunia kutoka juu, mahali ambapo yeye hajawahi kukaa. Anajua nyumba yao ina mlango na ukuta. Ramani inamwonyesha kisanduku. Jibu mojawapo lilitoka Sweden. Mwaka 1902 chama cha walimu wa huko kilimwomba mwandishi Selma Lagerlöf aandike kitabu cha jiografia ya nchi kwa ajili ya shule za msingi. Alichowaletea, katika vitabu viwili vya mwaka 1906 na 1907, ni hadithi ya Nils Holgersson, mtoto mkorofi wa Skåne, kusini kabisa mwa Sweden. Nils anarogwa akawa mdogo mno, anang'ang'ania mgongoni mwa bata bukini wa kwao, na bukini huyo anaungana na kundi la mwituni linalohamia Lapland, kaskazini ya mbali. Mara ya kwanza anapochungulia chini, Nils anaona kitambaa kikubwa cha mirabaraba, haelewi ni nini. Ni mashamba. Mraba wa kijani ni nafaka iliyoota, mweusi ni shamba lililolimwa. Mtoto anayesoma anajifunza kusoma ramani pamoja na Nils, kwa mshangao uleule. Miaka michache baadaye, 1909, Lagerlöf akawa mwanamke wa kwanza kupewa Tuzo ya Nobel ya fasihi.

Mwaka 1980 Wajapani wa studio ya Pierrot waliigeuza hadithi hiyo kuwa katuni ya vipindi 52, nayo ikatafsiriwa lugha nyingi, Kiarabu kikiwemo, hata watoto wa Ghuba ambao hawajaona theluji wakapaa na Nils juu ya Sweden. Katuni inaweza kuanza na jicho likiwa chini, usawa wa nyasi, kisha bukini anapiga mbawa na jicho linapanda, ua linakuwa kisanduku, mto unakuwa uzi. Hicho ndicho kitendo ambacho kitabu hukieleza kwa kurasa nyingi. Katika picha kinachukua sekunde chache, na mtoto anaweza kuomba kukitazama tena.

Dora the Explorer, iliyoanza mwaka 2000 katika televisheni ya Nickelodeon, ilikwenda mbali zaidi ikaifanya ramani kuwa mhusika mwenye sauti. Ramani hutaja vituo vya safari, kwa kawaida vitatu, na mtoto hutakiwa kuvirudia kwa mpangilio. Wazazi wengi huchoshwa na kurudiarudia huko. Mimi nakuheshimu, maana kituo cha kwanza, cha pili na cha tatu ndiyo mwanzo wa kuelekeza njia.

Lakini mchoraji wa katuni anabeba dhamana ambayo mara nyingi haioni. Mtoto huiamini picha. Ramani ya dunia inayotumika katika katuni nyingi inafuata mchoro wa Mercator wa mwaka 1569, uliotengenezwa kwa ajili ya mabaharia, na mchoro huo huzitanua nchi kadiri zinavyokuwa mbali na Ikweta. Greenland inaonekana kulingana na Afrika. Ukweli ni kwamba Afrika ina kilomita za mraba milioni 30 hivi, Greenland milioni 2 na kidogo. Ingeingia Afrika mara 14 hivi. Mwaka 2025 Umoja wa Afrika uliunga mkono kampeni ya kuiacha ramani hiyo shuleni na katika taasisi. Kwenye karatasi tatizo hili halina suluhisho kamili. Kwenye katuni lipo, na ni rahisi: chora tufe, lizungushe.

Tena kuna swali la nani anaonekana ndani ya picha. Schoolhouse Rock! hiyohiyo iliyowafaa watoto kwa hesabu ilitoa mwaka 1976 katuni ya "Elbow Room", inayoonyesha Marekani ikipanuka kuelekea magharibi baada ya ununuzi wa Louisiana mwaka 1803. Ramani inajaa rangi kwa furaha, wimbo ni mtamu, na mataifa ya wenyeji waliokuwa na ardhi ile hayahesabiwi kama wenye nchi. Mtoto aliyeimba hivyo atahitaji miaka mingi kuuondoa utupu huo kichwani. Na sisi tuna mfano wetu: kile kisa kitamu kwamba mpaka wa Kenya na Tanzania unapinda Kilimanjaro kwa sababu Malkia Victoria alimpa mlima huo zawadi mjukuu wake wa Ujerumani. Si kweli. Mpaka ulipangwa katika makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886, kwa hesabu za bandari na biashara, bila kuwauliza Wachaga wala Wamasai. Kisa kinadumu kwa kuwa kinasimulika vizuri. Anayetunga kwa ajili ya watoto ajue kwamba uongo wenye mdundo hushika sawasawa na ukweli wenye mdundo.

Kwa hiyo nafurahi sana kuona katuni zinachorwa hapa nyumbani. Ubongo, taasisi iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2013, ilianza kurusha Ubongo Kids mwaka uliofuata, kwa hesabu na sayansi, kisha ikaja Akili and Me kwa wadogo zaidi. Akili ni msichana wa miaka minne anayeishi na familia yake chini ya Mlima Kilimanjaro. Kipindi chenyewe ni cha herufi na namba zaidi ya jiografia, lakini mtoto wa Moshi akitazama anaona mlima wake, na mtoto wa Mtwara anajua kwamba mlima ule una watu wanaoamka, wanaokula na wanaokwenda kulala chini yake.

Ninachokitamani bado ni Nils wetu. Njia ziko wazi. Kuna pepo za kaskazi, zinazovuma kuanzia Desemba hadi Machi hivi na kuteremsha vyombo kutoka Lamu hadi Malindi, Mombasa, Tanga, Unguja, Mafia na Kilwa, na kuna kusi inayovirudisha. Wimbo mmoja wenye pande mbili, kwenda na kurudi, ungefundisha pwani nzima pamoja na majira ya mwaka. Kuna korongo weupe wanaotoka Ulaya kila mwaka wakashuka na bonde la Nile hadi Afrika Mashariki na kusini. Mgongoni mwao mtoto angeona Khartoum kabla ya Ziwa Viktoria, kwa mpangilio wake.

Na kuna reli ya kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914. Hii nimeiona ikifundishwa. Mwalimu mmoja wa darasa la tatu alikuwa amechora umbo la nchi kwenye uwanja wa shule kwa majivu, mawe madogo yakiwa maziwa, na watoto wakasimama mstari mmoja, mikono mabegani, wakawa mabehewa. Waliimba stesheni huku wakipiga hatua: Pugu, Ruvu, Ngerengere, Morogoro, Kilosa. Kilosa walipunguza mwendo na kuinama kidogo, kwa sababu hapo reli inaanza kupanda milimani ikifuata bonde la mto Mkondoa. Dodoma walisimama; mtoto mmoja akatangaza kwamba hapa ndipo makao makuu. Bahi, kisha wakapanda tena, maana reli inaupanda ukingo wa Bonde la Ufa kufika Manyoni. Itigi. Tabora.

Tabora wimbo ulikatika. Hapo reli inagawanyika, moja inakwenda Mwanza na nyingine Kigoma, kama ilivyokuwa kwa misafara ya karne ya 19 ambayo ilifika palepale na kuchagua Ziwa Viktoria au Ziwa Tanganyika. Wimbo una njia moja, nchi ilikuwa na mbili. Mwalimu aliwagawa. Nusu wakageuka kaskazini wakiimba Isaka na Shinyanga, nusu wakaendelea magharibi na Urambo, Kaliua, Uvinza, sauti zikagongana, na ilibidi kila kundi liimbe kwa nguvu zaidi ili lisipoteze njia. Nadhani hakuna hata mmoja wao atakayesema tena kwamba Tabora imepakana na Tanga.

Kisha akawapa mtihani ambao ningependa kila mtunzi wa nyimbo za jiografia aupitishe wimbo wake. "Haya," aliwaambia kundi la Kigoma, "likizo imekwisha, turudini Dar." Orodha ya alfabeti hairudi nyuma, jaribu mwenyewe kuimba mikoa kutoka mwisho. Watoto waligeuka. Uvinza waliipata, Kaliua na Urambo waliipata, Tabora walifika wakishangilia. Walikwama kati ya Itigi na Manyoni, wakabishana ipi inatangulia, mpaka msichana mmoja wa katikati ya mstari akakumbuka kwamba mahali pa kushuka ukingo wa Bonde la Ufa ndipo walipopandia, hivyo Manyoni lazima iwe karibu na Bahi. Wakaiweka Itigi kwanza, wakaendelea.